Tunakagua Malori, Mtego Uko Jikoni

Mtajie Mtanzania wa kawaida maneno "usafirishaji haramu wa binadamu", kisha muulize ameona picha gani. Wengi wataona lori. Lori la mizigo limesimamishwa usiku mahali fulani kati ya Same na Mikumi, turubai linafunuliwa, na chini yake wamebanana vijana wa Kihabeshi waliokonda, wanaficha macho yasipigwe na tochi. Picha hiyo ina chimbuko lake. Juni 2012 zaidi ya Wahabeshi 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori, miili yao imetupwa porini wilayani Kongwa, Dodoma. Machi 2020, huko Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Mambo kama hayo yakishaingia kichwani hayatoki.

Hata hivyo wengi wa vijana wale, kwa macho ya sheria, walikuwa wanavushwa kimagendo. Wao au ndugu zao walilipa ili wafike Afrika Kusini, na mvushaji akishawafikisha, biashara imekwisha. Kosa hilo linatendwa dhidi ya mpaka wa nchi. Usafirishaji haramu wa binadamu unatendwa dhidi ya mtu, na unaweza kukamilika bila mtu huyo kuvuka hata barabara ya lami. Najua mstari kati ya mawili haya hufifia: kijana aliyelipa kwa hiari yake akishikiliwa njiani ili ndugu watume hela zaidi, au akifanyishwa kazi bila ujira, tayari ameangukia upande wa pili. Lakini mstari upo, na sera zetu nyingi zimeshindwa kuuona.

Nadhani neno lenyewe limechangia. Usafirishaji, kwa Mswahili, ni basi, meli, parseli na stakabadhi ya mzigo. Itifaki ya Palermo iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 2000, ambayo ndiyo mama wa sheria zetu zote za jambo hili, inataja matendo matano: kumtafuta mtu na kumwandikisha, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi na kumpokea. Matano, nasi tukachukua moja tukalifanya jina la kosa zima. Itifaki inataka pia kuwe na njia iliyotumika, kama vitisho, nguvu, ulaghai, kutumia unyonge wa mtu au kumlipa mwenye mamlaka juu yake, na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18 hata hiyo njia haihitaji kuthibitishwa. Pale ambapo njia hizo zimetumika, kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Soma tena orodha hiyo uone safari imechukua nafasi ndogo kiasi gani.

Nchini Tanzania, Sheria Na. 6 ya 2008 ya kuzuia kosa hili imewekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Sekretarieti yake iko huko huko. Wizara hiyo ina polisi na uhamiaji. Wanachokijua, na wanakijua vizuri, ni kizuizi cha barabarani, pasipoti na kituo cha mpakani. Maafisa kazi, watu ambao shughuli yao ni kuuliza nani analipwa nini na kwa saa ngapi, wako wizara nyingine. Zaidi ya hapo, polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kazi na ajira si ya Muungano. Kwa hiyo binti wa Bara anayepelekwa kufanya kazi Unguja anabaki na sheria moja ya jinai juu ya kichwa chake lakini anabadilishiwa sheria ya kazi akiwa katikati ya bahari. Wakenya walikwenda njia nyingine: sekretarieti yao ililelewa chini ya huduma za watoto, katika wizara ya kazi na hifadhi ya jamii. Hilo lina busara yake, mpaka mwathirika anapokuwa mwanamume wa miaka 27 mwenye shahada.

Sasa tushuke Mbezi Luis, Dar es Salaam, alfajiri, mabasi ya mikoani yanapoingia. Msichana anashuka na begi la shangazi kaja. Ana miaka kumi na minne, labda kumi na mitatu, na sweta alilovaa ni la shule aliyokuwa akisoma hadi juzi. Mama mmoja anamngoja, anamlinganisha na picha iliyoko kwenye simu. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, umefika salama?" Wanaondoka. Hakuna turubai wala kontena, na tiketi yake imekatwa kihalali dirishani. Askari aliyesimama getini hana cha kukagua.

Tendo lenyewe lilishafanyika nyuma, kijijini, Iringa au Singida au Dodoma. Kule kuna mtu, mara nyingi mwanamke anayeheshimika, shangazi wa mtu, anayepokea simu kutoka mjini: nitafutie binti, asiwe mjanja sana. Hayo maneno "asiwe mjanja" ndiyo sifa pekee za mwombaji, na mwenye kuyasikia kwa makini anajua yanatafuta nini: mtu asiyejua barabara, asiyekuwa na ndugu mjini, asiyejua mshahara wa jirani. Mzazi anaahidiwa kwamba mtoto atafundishwa cherehani jioni jioni. Mtafutaji anapata chake. Mshahara "utatunzwa" na mama mwenye nyumba mpaka Krismasi, na Krismasi ikifika kuna sahani zilizovunjika na dawa ya malaria ya kukatwa.

Nitakuwa mwongo nikisema kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu. Wapo wanaolipwa vizuri, wanaotoka Jumapili wamependeza, waliowaezekea wazazi wao bati. Na mila ya mtoto kulelewa kwa ndugu mwenye uwezo imesomesha nusu ya watu wanaoandika makala kama hii. Mimi mwenyewe nimebebwa mgongoni na dada aliyeletwa kwetu kutoka kijijini. Hesabu ya umri aliokuwa nao mwaka ule niliifanya nikiwa mtu mzima, na sikuipenda. Nyumbani kwetu hakuna aliyejiona mhalifu. Ndipo ugumu wa sera ulipo: kosa hili, kwa sura yake ya ndani ya nchi, limevaa nguo za ukarimu.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo yake. Kulea watoto watatu, kupika, kufua na kulala saa sita usiku si kazi nyepesi kwa kipimo chochote. Lakini tazama upande wa fedha. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Wakati huo hiyo ilikuwa elfu mbili kwa siku. Mwendesha mashtaka anayetaka kumwonyesha hakimu kwamba binti fulani amenyonywa anaanzia kwenye kiwango halali cha aina hiyo, ambacho serikali yenyewe imekitia saini, halafu ajaribu kuonyesha kwamba alichofanyiwa binti kiko chini ya hicho kwa kiasi cha kuitwa utumwa. Tofauti kati ya halali na haramu imebanwa ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, na waliobana ni sisi wenyewe.

Afisa kazi naye haingii nyumbani kwa mtu kama anavyoingia kiwandani. Anahitaji ridhaa ya mwenye nyumba au ruhusa ya mahakama. Nalielewa hilo, nyumba ni nyumba. Ila matokeo yake ni kwamba mahali pa kazi palipojaa watoto ndipo mahali pasipokaguliwa.

Kuna njia ambazo hazihitaji kuvunja mlango. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nyumba ipi imepata dada mpya kabla afisa yeyote hajajua, kwa kuwa mjumbe humpelekea habari za nani amehamia. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Ukiweka sharti kwamba mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani ulipwe kwa simu, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, umepata mambo mawili kwa mpigo: ushahidi wa malipo unaosomeka mwezi kwa mwezi, na swali linalojiuliza lenyewe, kwamba kwa nini huyu hana laini yake? Mwajiri atasema analipa kupitia kwa baba yake kijijini. Vizuri, basi tunajua pa kuanzia. Sharti la namna hiyo halitamfikia kila mtu, na wapo watakaolikwepa kwa kumlipa mkononi. Lakini sasa hivi hakuna hata cha kukwepa.

Kuhusu adhabu, nchi zetu mbili zimejifunza kwa tabu. Sheria ya Tanzania ilipoanza ilimpa mkosaji kifungo cha miaka miwili hadi kumi, au faini ya kuanzia milioni 5 hadi milioni 100, au vyote viwili. Au! Milioni tano hazikununulii bajaji mpya. Mtu aliyefanya biashara ya mabinti kwa mwaka mmoja angeweza kulipa dirishani na kurudi kazini mchana. Marekebisho ya 2022 yaliondoa mwanya huo wa kulipa faini badala ya kwenda jela, na hilo ni jambo jema lililofanyika kimya kimya mno. Kenya, kwa sheria yake ya 2010, walikwenda juu: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30 za Kenya, au vyote. Pale tena "au" imo.

Ukali wa Kenya una tatizo jingine ambalo wanasheria hulizungumza kwa sauti ya chini. Mtu aliyekutafutia kazi mara nyingi ni ndugu au jirani. Binti atasimamaje kizimbani kumshtaki shangazi yake kwa kosa la miaka 30? Familia itakaa, mbuzi atachinjwa, shahidi hataonekana mahakamani. Mwendesha mashtaka anayejua hayo anachukua njia fupi, anafungua kesi ya uhamiaji au ya ajira isiyo na leseni, na mtuhumiwa anatozwa kidogo anaondoka. Kwenye kitabu kosa ni la miaka 30. Kwenye faili ni la miezi mitatu. Ningependelea adhabu ya kati inayotolewa kweli, pamoja na kumlazimisha mkosaji kulipa mishahara yote aliyodhulumu, mwezi kwa mwezi. Fidia hiyo mwathirika ataielewa, na ndugu wa mkosaji wataielewa zaidi.

Tuvuke bahari. Wasichana wa Tanzania wanatakiwa sana Oman, na sababu moja hutaikuta kwenye majedwali ya uchumi: lugha. Familia nyingi za Muscat zilitoka Unguja na Pemba, bibi bado anaongea Kiswahili, na anataka mtu wa kumwelewa akisema chumvi imezidi. Undugu huo wa kihistoria umekuwa baraka kwa wengi, na ndio chambo kizuri kuliko vyote. Wakala haanzi na mkataba. Anaanza na "hawa ni watu wetu". Human Rights Watch ilipowahoji wafanyakazi wa nyumbani 50 wa Kitanzania waliokuwa wamefanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, ripoti yake ya 2017 ilieleza pasipoti zilizofungiwa, siku za kazi zisizokwisha, mishahara pungufu au isiyolipwa kabisa, na vipigo. Juu ya yote kuna kafala: mwajiri ndiye mdhamini wa ukaazi wako, na ukitoka nyumbani kwake bila idhini unahesabiwa umetoroka. Anayekimbia kipigo ndiye anayetafutwa na polisi.

Serikali zetu zimelijibu hili kwa kufunga mlango. Kenya ilizuia wafanyakazi wake kwenda Mashariki ya Kati 2012, ikazuia tena 2014 na kufuta leseni za mawakala zaidi ya 900. Uganda ilizuia wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2016, ikafungua 2017. Kila mara mlango ulipofungwa, watu walipita kwa jirani: Mganda akapandia ndege Nairobi, Mkenya akazunguka nchi nyingine, viza ya utalii mkononi na mkataba hakuna. Aliyekwenda kipindi cha katazo hakuwa na jina kwenye daftari lolote la ubalozi. Amekwenda kwa kujificha, na akipata shida ataendelea kujificha. Mwaka 2021 wizara ya mambo ya nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89, wengi wafanyakazi wa nyumbani, walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, na maelezo yaliyotoka kule yalisema wengi moyo ulisimama. Moyo wa kila marehemu umesimama. Wizara hiyo ikapendekeza safari zisitishwe kwa muda, wizara ya kazi haikuwa na haraka hiyo.

Naielewa sababu ya kutokuwa na haraka. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na serikali ya Nairobi imefanya ajira za nje kuwa sera iliyotangazwa majukwaani. Ofisi ile ile inayotoa leseni kwa mawakala ndiyo inayopongezwa kwa idadi ya waliopanda ndege. Tanzania haijafika huko kwa kelele, lakini inaelekea, na waziri yeyote mwenye vijana wasio na ajira atavutwa na hesabu hiyo.

Hapa naomba nikumbushe jambo la nyumbani. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa, na pale pakajengwa kanisa ambalo watalii wanaingia hadi leo. Watoto shuleni hujifunza kwamba hapo ndipo utumwa ulipokwisha. Haukwisha. Manowari za Kiingereza zilipokuwa zinafukuza majahazi, misafara ilihamia nchi kavu: watu walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa wakifuata pwani kwenda kaskazini, kisha wakavushwa usiku mkondo mfupi hadi Pemba ambako mikarafuu ilikuwa inawasubiri. Mwaka 1876 Sultani akalazimika kupiga marufuku na misafara ya bara. Na muda wote huo kummiliki mtu shambani au nyumbani kulikuwa halali kabisa Unguja na Pemba. Kosa lilikuwa njiani tu. Ukishafikisha mzigo wako, ukishaingia naye ndani, sheria inakupisha.

Sisomi historia hii ili niwaambie watu wa leo kwamba dada wa kazi ni mtumwa wa 1873, maana kulinganisha kwa pupa huwa kunamdhalilisha yule wa zamani na kumtisha bure yule wa leo. Naisoma kwa ajili ya sera. Aliyetaka kuzuia safari peke yake alipata safari ndefu zaidi.

Ufilipino wameishi na tatizo hili muda mrefu kuliko sisi, na wana mambo mawili ya kuwaibia. La kwanza ni la mwaka 1995: sheria yao ya wafanyakazi wa nje inamfanya wakala wa Manila awajibike pamoja na mwajiri wa ng'ambo. Mwajiri wa Riyadh asipolipa, mfanyakazi anamdai wakala aliyemwandikisha, nyumbani, kwenye mahakama anayoijua. Fikiria wakala wa Kariakoo akijua kwamba mshahara usiolipwa Muscat utatoka mfukoni mwake. Ataanza kuuliza maswali kuhusu mwajiri ambayo leo hayamhusu. La pili ni katazo lenyewe, lakini limetumika tofauti. Mwaka 2018, baada ya mwili wa mfanyakazi wa Kifilipino kukutwa ndani ya friza huko Kuwait, Manila ilisimamisha safari za kwenda kule, ikakaa mezani, na Mei mwaka huo huo ikatoka na makubaliano yaliyotaja kwa maandishi simu na pasipoti: mfanyakazi abaki na simu yake, mwajiri asishike pasipoti. Katazo lilikuwa na muda na lilikuwa na bei. Ya kwetu hutangazwa baada ya picha kusambaa na kusahaulika picha zikikauka.

Wakati sera inahangaika na picha ya msichana masikini, biashara imebadilika sura. Tangu 2022 Wakenya wamekuwa wakiokolewa kutoka makambi ya utapeli wa mtandaoni huko Myanmar na Laos. Hawa walikuwa wahitimu. Walijibu tangazo la kazi ya huduma kwa wateja Thailand, wakafanyiwa usaili kwa video, wakapokewa uwanja wa ndege Bangkok na gari zuri, halafu gari likaendelea kwenda hadi mtoni, na ng'ambo ya mto kulikuwa na watu wenye bunduki. Wakakalishwa mbele ya kompyuta kuwatapeli wapweke wa Ulaya na Marekani kwa mapenzi ya uongo. Uchunguzi wa uwanja wa ndege usingewakamata: pasipoti halali, tiketi halali, Kiingereza safi, suti. Sheria ya Kenya, kwa sifa yake, inasema mwathirika hatahukumiwa kwa uhalifu aliotenda kwa sababu ya kusafirishwa kwake. Kifungu kizuri. Tatizo ni kwamba mahakama za Thailand hazikisomi, na waliovuka mto kurudi wengi walipokewa kama wahamiaji waliozidisha siku.

Na si lazima uende Asia. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC ulionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania wakiombeshwa kwenye mitaa ya Nairobi. Anayesukuma kiti cha magurudumu ndiye anayeondoka na hela jioni. Wazazi walikuwa wameambiwa mtoto atapata maisha mazuri. Wapita njia wa Nairobi walikuwa wakitoa sadaka, na kila shilingi iliyoangukia kwenye kikopo ilikuwa inalipa mshahara wa msimamizi. Mpaka wa Namanga una kamera, mashine na maafisa wa nchi mbili ndani ya jengo moja. Mtoto anapita na "mjomba". Swali la kumsaidia mtoto yule lilipaswa kuulizwa kwao, kwamba mtoto huyu mlemavu aliyekuwa hapa mwaka jana yuko wapi? Mwalimu anajua, na mwenyekiti wa kijiji anajua. Hakuna fomu inayowauliza.

Tunachohesabu badala yake ni semina. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani hutoa ripoti kila mwaka inayozipanga nchi kwa madaraja, na nchi ikishuka daraja la chini kabisa inaweza kukatiwa misaada fulani. Basi serikali zetu zimejifunza kuandaa majibu yanayojaza ripoti hiyo. Askari wangapi wamepata mafunzo, mabango mangapi yamebandikwa, kesi ngapi zimefunguliwa. Tarehe 30 Julai, siku ya dunia ya kupinga usafirishaji haramu, kunakuwa na fulana, maandamano ya mita mia tatu na mgeni rasmi. Fulana hizo ni nzuri kwa kulalia. Huku nyuma, nyumba salama nyingi zinaendeshwa na mashirika ya kiraia kwa hela za wafadhili. WoteSawa la Mwanza, lililoanzishwa na mwanamke aliyekuwa mtumishi wa ndani akiwa mtoto, limefanya kwa miaka kazi ambayo ingepaswa kuwa na kifungu chake kwenye bajeti ya halmashauri. Sheria za nchi zote mbili zimeunda mfuko wa kuwasaidia waathirika. Mfuko bila fungu la kudumu ni jina tu, na msichana anayetolewa nyumbani kwa mtu saa tano usiku hawezi kulala ndani ya jina.

Nirudi Unguja mara ya mwisho, kwa sababu kuna kipande ambacho hakisimuliwi. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria kwa amri ya Aprili 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa. Hata hapo haukufutwa moja kwa moja. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Wengi hawakwenda. Wengine hawakusikia habari hiyo, wengine waliogopa kupoteza kibanda na shamba la kulima, na wengine hawakuweza kutoka ndani kwenda kumshtaki bwana wakati bwana yuko barazani.

Leo ukimuuliza afisa yeyote binti wa kazi anayeteswa afanye nini, atakujibu haraka na kwa nia njema: apige 116, simu kwa mtoto, bure, mitandao yote. Simu ya binti iko kabatini, chumbani kwa mama mwenye nyumba, imezimwa tangu siku aliyoshuka Mbezi.